Mijakaranda Ilipopukutisha Majani

Wiki iliyopita nilikabidhi reki mbili, panga, toroli lenye gurudumu linalolia, mpira wa maji wenye viraka vitano na ufunguo wa kibanda. Nikapewa kitenge na keki, hotuba ikasomwa, na ninyi vijana wa bustani mkanishika mkono mmoja mmoja. Halafu mmoja wenu, sitamtaja, akaninong'oneza: "Mama Neema, tuandikie hata kidogo. Ulikuwa unajuaje mambo yote yale?" Nimekaa hapa nyumbani Singe siku nne bila kitu cha kufagia, mikono inaniwasha, basi naandika. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara aikunje karatasi hii akanywe chai. Mimi nitawaeleza habari za majani.

Nilianza kazi mkoa ukiwa mpya kabisa. Babati ilikuwa na shamrashamra kama nyumba yenye harusi. Watu walikuwa wanaingia kila siku na magodoro juu ya malori, kila mwenye chumba cha ziada Bagara amepata mpangaji, na ofisi zimejibana kwenye majengo ya kuazima. Ofisi yetu ilikuwa na viti kumi na kimoja na maofisa kumi na tisa. Waliochelewa walikaa madirishani na mafaili mapajani. Viti hatukuwa navyo, lakini miche tulikuwa nayo kitalu kizima, kwa sababu mtu fulani mwenye akili aliona kwamba mkoa ukishatangazwa utahitaji kivuli.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kanisani. Nilidhani kazi ya bustani ni kukata maua na kuyaweka mezani kwa wakubwa. Nikaelekezwa kibandani, nikamkuta mama mmoja mnene amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga mpini wa reki kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia miguuni. "Umekuja kuolewa au kufagia?"

Huyo ndiye Mama Safari, Mgorowa wa Nakwa, mwalimu wangu. Jina lake la ubatizo ni Theresia, lakini ukimwita hivyo alikuwa anageuka kutafuta huyo Theresia yuko wapi. Alinipa fagio akaniambia nianze na njia ya mbele. Nikafagia kwa bidii zote, nikielekea mlimani. Upepo wa mlima Kwaraa ukashuka ukarudisha takataka zote, nyingine zikaniingia mdomoni. Nikafagia tena, zikarudi tena. Mara ya tatu nikasikia kitu kinaanguka: ni Mama Safari, amecheka mpaka ndoo imemponyoka chini.

"Mwanangu," alisema akijifuta machozi, "kwanza muulize upepo anakwenda wapi, halafu umsindikize."

Hilo ni somo la kwanza na bado mnalikosea, nimewaona.

La pili ni kuusoma mwaka. Mama Safari hakuwa na kalenda, na ile ya ukutani ofisini alisema ni ya watu wanaokaa. Yeye kipupwe alikijua kinavyokuja hatua kwa hatua, na alinifundisha huku tukipalilia. Kwanza vyura wa ziwani wanapunguza kelele, mpaka usiku mmoja unashtuka kwamba hukuwasikia. Halafu asubuhi unakuta utando wa buibui kwenye majani umejaa umande, kila uzi unaonekana. Kisha Kwaraa anavaa kofia ya wingu na hataki kuivua mpaka saa nne. Mbaazi mashambani zinaanza kuchanua njano. Na mijakaranda, majani yake ya chini yanageuka rangi kuanzia nchani, kidogo kidogo, wiki mbili tatu kabla ya Mama Hawa wa mitumba kuning'iniza masweta. Mti unajua baridi inakuja kabla ya mfanyabiashara kujua, na mnajua wafanyabiashara wanavyowahi.

La tatu nitalieleza taratibu, maana ndilo lililoniponya. Mama Safari alinipeleka kwenye kijiti kilichosimama uchi nyuma ya kibanda, akauliza kizima au kimekufa. Nikasema kimekufa. Akakikwangua kwa ukucha wa dole gumba, ganda la juu likatoka, na chini yake pakawa kijani kibichi, chenye majimaji.

"Mti usiuulize kwa macho," alisema. "Uulize kwa kucha. Ukiona kijani, umelala. Ukiona kahawia pakavu, lete shoka."

Nilifurahi hata nikakwangua kila kitu siku ile, pamoja na mpini wa jembe.

Tulipanda mijakaranda thelathini na sita kutoka lango mpaka mlangoni, kumi na minane kila upande. Mwaka wa kwanza ilinifika magotini. Mwaka wa tatu ilikuwa imenipita kimo, imejaa majani yale laini yanayocheza hata mtu akipiga chafya. Ni mwaka huo ndipo tulipoletewa bosi mpya, Bwana Shomari, amehamishwa kutoka pwani. Alifika mwezi wa nne, masika yamekolea, Babati yote ya kijani. Alishuka kwenye gari, akaiangalia njia yetu, akasimama mikono kiunoni.

"Loo! Mbona hamkuniambia kuwa nakuja peponi?"

Alikuwa mtu mwema, msije mkamwelewa vibaya. Aliupenda hasa mti ulio mbele ya dirisha lake. Asubuhi alikuwa anaufungulia dirisha na kuusalimu, tena kwa sauti. Alitangaza kikaoni kwamba mgeni mkubwa atakapokuja mwezi wa saba kukagua ofisi, atapitishwa kwa miguu chini ya miti hiyo kuanzia langoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, na sisi tukapiga makofi.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Mama Safari akaomba likizo aende kumtunza binti yake aliyejifungua. Akaniachia ufunguo, akiniita jina langu, maana Neema alikuwa bado hajazaliwa. "Kazi ni kufagia tu, Regina. Majani yataanguka, wewe fagia." Akaenda zake, nami nikatembea siku nzima na ule ufunguo shingoni kama medali.

Vyura wakanyamaza. Kwaraa akavaa kofia. Majani yakaanza.

Jani la mjakaranda halianguki moja kama la mpera. Linagawanyika vipande vidogo vidogo, maelfu, vya njano, na upepo ukija vinamwagika kama makapi mtu anapopeta mahindi. Nilikuwa nachekelea peke yangu njiani. Yaliingia ndani ya ofisi, yakaingia kwenye mashine ya kuchapia, yakaingia kwenye chai ya Bwana Shomari na juu ya kofia yake. Naye baridi ilikuwa imeshamkamata. Alivaa masweta mawili na koti juu, akawa anatembea mikono imejitenga na mwili. Asubuhi moja aliniita akanionyesha chupa yake ya mafuta ya nazi, aliyokuja nayo kutoka kwao kwa ajili ya kujipaka. Aliipindua chini juu, hakikutoka kitu.

"Nani ameniyeyushia mshumaa humu ndani?"

Nikamwambia ni baridi tu. Hakuniamini, akaiweka kabatini kama ushahidi.

Wiki ya pili mti wa dirishani ulikuwa umebaki matawi. Akaniita tena, safari hii hakutabasamu.

"Binti, hii miti umeitia nini?"

"Maji tu, mzee."

"Maji gani? Ya betri?" Akasimama dirishani. "Mimi nimezaliwa penye minazi. Nimekulia penye miembe. Sijaona mti mzima ukavua majani yote ukabaki hivi. Mama wa watu kaondoka wiki tatu, miti yote imekufa mkononi mwako."

Hapa ndipo ninapowataka msome polepole. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa maneno manne: mzee, hiki ni kipupwe. Lilifika ulimini kabisa. Lakini nilikuwa kibarua tu, bosi amekunja uso, masweta yamemfanya mpana kama kabati, na mimi nikasema, "Nitashughulikia, mzee."

"Shughulikia. Siku ya mgeni miti hii ikiwa haina majani, mchana huo huo itang'olewa yote, tutapanda mingine inayojua kazi. Na wewe utaifuata."

Nilitoka pale nikaihesabu miti. Thelathini na sita! Niliichimbia mashimo kwa mikono hii, naijua mmoja mmoja, mpaka ule wa tisa uliopinda kwa sababu mpiga picha mmoja aliuegemea. Na kazi yenyewe nilikuwa naipenda vibaya sana. Sikulala.

Mtu mwoga ana bidii ya ajabu. Nikaanza kumwagilia. Miti yote nilimwagilia, lakini ule wa dirishani nikaugandama: ndoo tatu asubuhi, tatu mchana, tatu jioni, mpaka udongo ule mweusi ukawa unanivua gambuti. Nikaongeza samadi mbichi. Jioni nikauvika gunia usipate baridi, na asubuhi nikauvua kabla bosi hajafika. Mti uliolala unataka kuachwa ulale, hilo nililijua, na bado nilikuwa pale na ndoo yangu nausihi kwa sauti: "Toa hata moja, mama. Jani moja tu." Haukutoa.

Zikabaki siku mbili. Nikiwa nimekaa kibandani nimeshika tama, macho yakaangukia ua wa lusina uliokuwa nyuma. Mnaijua lusina, ule mti wa malisho. Jani lake ni dogo dogo, laini, na ukiwa mbali kidogo na huna miwani, ni jakaranda tupu! Niliruka juu. Nikachukua panga na bunda la waya wa kufungia, na kesho yake mchana kutwa nikapanda ngazi na kushuka, nafunga matawi ya lusina kwenye mijakaranda yangu. Watu wa baiskeli walisimama kunitazama. Mama mmoja aliyebeba ndizi aliniuliza kama ni sikukuu ya matawi. Nikamwambia ni utaalamu mpya.

Saa kumi Bwana Shomari alitoka nje, akasimama mlangoni, mdomo wazi. Hakusogea karibu kwa sababu ya tope. Nilipomfuata akanishika mikono yote miwili.

"Binti! Umeifufua!"

Nilifurahi, na papo hapo nikataka kulia. Alisema nitatajwa kwenye hotuba.

Siku ya mgeni ilikuja na ukungu hata lango halionekani. Mgeni alitarajiwa saa nne. Saa tatu na nusu nikiwa namalizia kupaka mawe chokaa nilisikia kutafuna. Kutafuna kwingi. Nikasogea ndani ya ukungu, na hapo nikawakuta mbuzi kama ishirini wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameegemea miti yangu safu mbili, wanapata kifungua kinywa. Mbuzi kwa lusina ni kama ninyi na keki yangu ya kustaafu. Nilipowafukuza upande wa kulia walivuka kushoto. Nilipovuka kushoto walirudi kulia. Nilipiga kelele, nikarusha ufagio, nikaanguka kwenye chokaa.

Kelele zikamtoa Bwana Shomari na ofisi nzima. Na hapo hapo, dakika ishirini kabla ya wakati, gari la mgeni likaingia langoni.

Alishuka mama mmoja mtu mzima, amejitanda mtandio wa sufu, akatutazama: maofisa wanakimbiza mbuzi wakiwa na tai, mimi mweupe nusu mwili, na mbele yake miti thelathini na sita ikiwa na vijiti vilivyotafunwa vinavyoning'inia kwenye waya. Bwana Shomari alimkamata mwenye mbuzi, jirani yetu Baba Amani, aliyekuwa amefika anahema na fimbo yake.

"Mbuzi wako wamekula mijakaranda ya serikali!"

Baba Amani akavua kofia kwa heshima. "Shikamoo mkubwa. Mbuzi wangu hawali jakaranda, hata uwapikie. Hiyo ni lusina." Akachomoa kijiti kutoka kwenye waya, akakinusa. "Na imekatwa jana."

Hata mbuzi nadhani waliacha kutafuna. Nyuma ya gari la mgeni nikaona mtu ametua mkoba chini, amejishika mbavu, mabega yanatikisika. Alikuwa Mama Safari, amerudi siku hiyo kutoka likizo.

"Regina," alisema alipoweza kupumua, "umeivalisha nguo? Hujui mficha uchi hazai?"

Bwana Shomari akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyesalimiana na mti wa waya. Nilijua kazi imekwisha, na kwa kuwa imekwisha nikapata mdomo.

"Mzee, miti haijafa. Hiki ni kipupwe. Kila mwaka inavua majani, inalala, halafu inaamka. Nilijua siku zote."

"Una uhakika gani?"

"Naomba kidole chako, mzee."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nikamshika dole gumba lake mbele ya mgeni, mbele ya watu wote, nikalipeleka kwenye ganda la mti wa kwanza, nikakwangua. Kijani kikatokea, kibichi, kinang'aa. Akakiangalia. Akainama, akakiangalia tena kwa karibu. Akaenda mti wa pili akakwangua mwenyewe.

"Huu mzima!"

Wa tatu. "Huu nao mzima!" Kufikia wa nne alikuwa anakimbia. Mgeni naye akafungua mtandio, akashika safu ya kushoto: "Huku mzima! Na huu!" Maofisa wakagombania miti kama watoto wanaogombania maandazi, watu na digrii zao, wanakwangua na kupiga kelele ndani ya ukungu, mzima, mzima, mzima! Baba Amani akasaidia upande wa langoni. Ule wa tisa uliopinda ulikwanguliwa na watu watatu. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, chokaa inanitiririka usoni.

Walipofika thelathini na tano nikakumbuka wa mwisho, ule wa dirishani.

"Huo tuuache, mzee," nilisema, "chai inapoa."

"Tuuache? Huu rafiki yangu?" Akakwangua. Kahawia. Akashuka chini kidogo, akakwangua tena. Kahawia. Akakwangua karibu na udongo, na ganda likatoka lenyewe, likiwa na harufu ya kuoza. Mama Safari, ambaye alikuwa amefika, akaacha kucheka.

"Huu umeuawa na baridi?" Bwana Shomari aliuliza taratibu.

Angeamini, wanangu. Asubuhi ile ningemwambia baridi, angeamini, na mgeni angeandika baridi. Mama Safari alikuwa ananitazama.

"Hapana, mzee. Huu nimeuua mimi. Nimeunywesha maji kutwa mara tatu, mizizi imeoza. Nilijua kwamba haitakiwi, lakini nilikuwa nakuogopa."

Aliangalia kucha zake zilizojaa maganda.

"Ungeniambia tu," alisema mwisho.

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi ningesikiliza?" Akashusha pumzi. "Mimi mwenyewe nilikuwa namwogopa mgeni."

Mgeni alijifunga mtandio wake. "Na mimi nina baridi tu, jamani. Hiyo chai iko wapi?"

Hatukung'oa mti mwingine isipokuwa ule mmoja. Niliung'oa mwenyewe kesho yake, na Bwana Shomari alishuka na masweta yake mawili akashika shina upande wa pili. Haukuhitaji nguvu. Tulipofukia shimo aliniambia, "Mwakani majani yakianza, usingoje nikuite. Njoo uniambie, hata nikiwa kikaoni."

Mwaka uliofuata yalianza Jumanne, kikao cha wakuu wa idara kinaendelea. Nilisimama nje ya mlango muda mrefu, nina gambuti zenye tope, na sikuwahi kuingia chumba kile cha vikao. Kisha nikabisha, nikaingia. Vichwa vyote viligeuka.

"Mzee," nilisema, "yameanza."

Bwana Shomari aliweka kalamu chini, akatoka bila hata kuchukua koti, na wakuu wa idara wote wakamfuata, bila kujua kinachoendelea. Upepo ukashuka kutoka Kwaraa. Vijani vya njano vikawamwagikia vichwani, mabegani, kwenye mafaili, naye akanyoosha mikono yote miwili huku anacheka na meno yanagongana.

"Yataisha lini, Bi Regina?"

"Mwezi wa nane hakutabaki hata moja, mzee," nilimjibu, nikiwa namtazama usoni.